Filipo Seremala na Amplifaya ya Onesphory

Mwaka uliofuata Uhuru, Mgiriki mmoja aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Kimamba alifunga mizigo akaenda zake, na katika vitu alivyoviacha barazani palikuwa na redio kubwa ya mbao iliyokufa siku nyingi. Watu walichukua viti na masufuria. Filipo seremala, aliyeitwa pale kupigilia misumari makasha ya safari, akaomba ile redio. Aliibeba kichwani hadi stesheni, akapanda nayo treni, akafika nayo Kilosa jua likiwa linazama, na mkewe Lea alipomwona mlangoni kwao Mabwerebwere alimuuliza kama amelipwa ujira au amelipwa mzigo.

Filipo alikuwa mtu wa milimani, mtoto wa mwinjilisti. Randa na msumeno alifundishwa na misheni. Gitaa alifundishwa na manamba wa mkonge, jambo ambalo baba yake hakulipenda mpaka anaingia kaburini. Kwa miezi mitatu alikaa na ile redio, akisaidiwa na fundi redio mmoja wa sokoni, mpaka matumbo yake yakafufuka. Akayaundia sanduku la mninga, akalipiga msasa na vanishi likang'aa kama meza ya askofu, na mbele akaliwamba kipande cha kitenge cha Lea. Akachomeka gitaa lake. Sauti ikatoka, nzito kidogo, yenye mkwaruzo kama wa mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ilijaza chumba na kumwagikia uani. Majirani wakaja kusikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa amplifaya ya kwanza ya gitaa kutengenezwa Mabwerebwere, au angalau Filipo hakupata kumsikia mwingine aliyemtangulia.

Kwa amplifaya hiyo akawa mpiga solo wa bendi ya Miyombo Jazz. Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana wa reli na wa mashambani, ikiongozwa na Thadeo, karani wa stesheni aliyepiga tumba. Walipiga dansi Jumamosi kwenye ukumbi wa klabu, na kulikuwa na dakika chache za Jumamosi ambazo Filipo alizipenda kuliko dansi lenyewe. Zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya sanduku lake zilihitaji kupata moto kwanza ndipo sauti itoke. Basi bendi nzima ilisimama ikingoja, watu wamevaa, wameshikana mikono, wanamtazama yeye, naye ameinamia sanduku lake kama daktari aliyeinamia mgonjwa. Akiinua kichwa, muziki unaanza. Alizoea kutazamwa hivyo. Mtu akizoea kutazamwa, kutotazamwa kunamuuma kama njaa.

Mwaka wa sitini na nne alimpokea Onesphory. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mpole, mwenye vidole virefu, aliyekuja kupakia magunia ya katani kwenye mabehewa. Filipo, aliyemzidi kama miaka kumi na miwili, alimfundisha kila alichokijua. Alimshika vidole kimoja kimoja akaviweka juu ya nyuzi. Kijana alishika haraka. Alipohama kwenda Kidodi kwenye mashamba ya miwa, Filipo alimsindikiza stesheni na kumpa seti ya nyuzi, na alirudi nyumbani akamwambia Lea kwamba yule atakuja kuwa mpigaji. Alisema hivyo kwa roho safi. Ni rahisi kumwombea mema mtu anayeondoka.

Onesphory alirudi mwaka wa sitini na nane. Kule Mikumi barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa, kambi zimejaa wageni na mitambo, na mhandisi mmoja wa kigeni, aliyepiga gitaa kujiburudisha jioni, alimaliza mkataba wake. Onesphory alikuwa akimpelekea matrekta ya shamba kubeba kokoto. Mzungu yule hakutaka kubeba mzigo mzito hadi kwao, na Onesphory, aliyekuwa ameweka akiba ya mshahara wake kwa muda mrefu, akaununua. Hivyo ndivyo alivyoshuka treni ya Mikumi pale Kilosa, amevaa shati jeupe, nyuma yake wachukuzi wawili wamebeba kitu kilichofunikwa blanketi.

Thadeo ndiye aliyekifunua, pale pale ofisini kwake. Lilikuwa sanduku la kiwandani, la ngozi ya kijivu, pembe zake zimevishwa chuma, jina la kampuni limeandikwa mbele kwa herufi za fedha. Lilikuwa na spika mbili kubwa, vifundo vinane, na kanyagio la mguu ambalo ukilikanyaga sauti inatetemeka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Filipo aliitwa kutoka karakana yake akaja na vumbi la mbao nyusini. Onesphory alimkimbilia, akainama.

"Shikamoo, kaka Filipo."

"Marahaba. Umekuja na jeneza?"

Watu wakacheka, na Filipo naye akacheka. Lakini Onesphory alipochomeka gitaa na kugusa uzi mmoja, mmoja tu, Filipo aliacha kucheka. Sauti ilikuwa safi. Haikuwa na mkwaruzo wala mvumo. Ilisimama hewani peke yake, ndefu, na wachukuzi wa stesheni, wauza ndizi, abiria wa treni iliyokuwa inangoja, wote waligeuka. Filipo alijisikia kama mtu aliyekuwa amevaa viatu vya matairi miaka yote bila kujua kwamba ni matairi.

Onesphory, kwa moyo wake mmoja, alimwonyesha mahali pa kuchomeka. Sanduku lilikuwa na matundu mawili, akasema, wangeweza kupiga wote wawili humo humo. Filipo alijibu kwamba lake linamtosha.

Hakukuwa na mkutano uliomshusha. Ilitokea tu, kama mvua inavyohama bonde. Jumamosi ya kwanza walipiga solo kwa zamu; ya tatu Thadeo akasema labda Filipo ashike ridhimu, gitaa la kusindikiza, nyimbo mbili tatu, kwa sababu solo kwenye amplifaya kubwa inasikika hadi barabarani na inaleta watu; ya sita Filipo alikuwa mpiga ridhimu. Hakuna aliyengoja sanduku lake lipate moto. Kama halijawaka, walianza bila yeye.

Alianza kutafuta kasoro. Alimwambia Lea kwamba sauti ile ni ya bati, haina nyama. Akasema kijana anaficha udhaifu wake kwenye mtetemo. Lea alisikiliza, akachambua maharage yake, na siku moja Filipo alimsikia akivumisha puani wimbo ambao Onesphory alikuwa ameutunga wiki ile. Aliweka kijiko chini, akatoka, akakaa karakana mpaka chakula kikapoa. Alijua ni ujinga. Kujua hakukumsaidia.

Wakati wa mapumziko ya dansi, wengine wakienda kunywa maji, alibaki jukwaani akijifanya anakaza nyuzi. Aliweka kiganja juu ya lile sanduku la kijivu. Lilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Alivihesabu vifundo vile kwa macho, akajiuliza kila kimoja kinafanya nini, na aibu ilimzuia kuuliza. Kijiba cha roho kikamkaa. Hakumchukia Onesphory, angeapa hivyo mbele ya msalaba. Alichokitaka ni kwamba asubuhi moja lile sanduku lisiwepo, na pasiwe na wa kulaumiwa.

Ndipo akaamua kulikuza lake. Alitafuta spika ya pili, akapasua sanduku la mninga, akalipanua, akaunganisha nyaya kwa kubahatisha kwa sababu fundi redio wa sokoni alikuwa amehamia Morogoro. Alipowasha, mvumo ulipanda, harufu ya lami ikajaa karakana, na moshi mwembamba ukatoka nyuma. Transfoma ilikuwa imeungua. Alilifunga sanduku, akalipaka vanishi mpya, akawaambia wenzake kwamba ataliwasha likiwa tayari. Tangu hapo alipiga ridhimu kwenye amplifaya mbovu ya mpiga besi, na hakumweleza mtu yeyote, hata Lea.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwaka wa sabini. Siku zile neno Ujamaa lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Watu walikuwa wanaunda vikundi vya kulima, vya kushona, vya kufyatua matofali, na Thadeo akaitisha mkutano wa bendi ili wazungumzie kujiandikisha kama kikundi cha ushirika. Walikaa kwenye mabenchi ya klabu alasiri moja. Thadeo alisoma masharti, wakajadili sare, wakajadili safari ya Saba Saba kwenda Mikumi. Filipo hakuwa amepanga kusema. Baadaye alijiapia hivyo mara nyingi, na huenda ni kweli. Lakini alijiona amesimama.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "tunasema sisi ni wajamaa. Lakini humu ndani chombo kikubwa ni cha mtu mmoja. Yeye akiugua, bendi inaugua. Yeye akikasirika, hakuna dansi. Huo ni ujamaa wa namna gani? Mimi naona vyombo vyote viwe mali ya kikundi, na kila mtu avipige kwa zamu."

Yalikuwa maneno ya haki. Ndiyo maana yalikuwa makali. Hakuna aliyeweza kuyapinga bila kujionyesha bepari. Onesphory alimtazama, uso wake haukuonyesha hasira, ulionyesha kama anajaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Na la kwako, kaka?"

"La kwangu pia. Kuanzia leo."

Wakapiga makofi. Thadeo akaandika. Jioni ile ile Filipo na Onesphory walibeba sanduku la mninga pamoja, huyu huku na yule kule, kutoka karakana hadi stoo ya klabu, wakaliweka kando ya lile la kijivu. Filipo alijua ametoa sanduku lenye maiti ndani. Usiku huo alilala vizuri, na hilo ndilo lililokuja kumtisha miaka ya baadaye.

Saba Saba ikafika. Bendi ilipanda treni asubuhi kwenda Mikumi, wakapiga dansi la alasiri kwenye kambi ya barabara, jenereta ikinguruma nyuma ya maturubai. Zamu ilikuwa ya Filipo. Alichomeka gitaa lake kwenye lile sanduku la kijivu kwa mara ya kwanza, mbele ya madereva, wapishi, walinzi wa mbuga, wanawake waliotoka Kidodi na Kilangali wamevaa khanga za sikukuu. Akagusa uzi.

Nikuambie ukweli: alipiga vizuri. Pengine hajapata kupiga vile kabla wala baada. Ile sauti ilimchukua ikambeba, vidole vyake vikapata mambo ambayo havikuwa vinayajua, na watu walicheza mpaka vumbi jekundu likapanda juu ya maturubai. Katikati ya wimbo wa nne, katika ule utamu, aligeuza shingo kumtafuta Onesphory. Alitaka kumwona. Alitaka uso ule umtazame kama yeye alivyokuwa akiutazama miaka miwili, na Onesphory naye apate zamu ya kuweka kiganja juu ya sanduku lisilo lake. Kwenye kiti cha ridhimu alikuwa amekaa mtu mwingine. Alipouliza kati ya nyimbo, Thadeo alimjibu kwamba Onesphory ameaga tangu mwanzo, kapanda lori la miwa la Kidodi, kasema anarudi kazini na bendi iendelee kwa amani.

Filipo alimaliza dansi. Walimwambia amewaua watu kwa raha. Kwenye treni ya kurudi alikaa dirishani, na ushindi wake ulikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

Baada ya hapo solo ikawa yake kila wiki, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kupokezana naye. Na amplifaya, kwa kuwa ilikuwa ya wote, ikakosa wa kuifuta vumbi. Paa la stoo lilivuja masika ya sabini na moja. Kila mtu alidhani mwenzake amelisogeza sanduku. Ngozi ya kijivu ikabanduka, mbao za ndani zikavimba, mtetemo ukafa, kisha spika moja ikafa. Filipo aliyaona haya yote. Yeye ndiye aliyekuwa seremala. Mkono wake ulikuwa unaweza kuziba lile paa kwa nusu siku, na hakuuinua, maana kila alipoingia stooni aliona kama lile sanduku lilikuwa bado la Onesphory na linamcheka.

Wakati huo habari zilianza kushuka na treni. Walisema kule Kidodi kuna mtu anapiga gitaa kavu, lisilo na umeme, kwenye kambi ya wakata miwa, na watu wanatembea kutoka kambi nyingine kwenda kumsikiliza. Filipo aliposikia, kile kijiba cha roho kiliamka tena, vile vile, kana kwamba hakijawahi kulala. Alikuwa amemnyang'anya mtu chombo, na bado mtu huyo alikuwa nacho kitu. Mwaka wa sabini na mbili hakuweza kuvumilia. Alimwambia Lea anakwenda Kidodi kutafuta mbao, akapanda treni.

Alimkuta Jumapili alasiri, amekaa kwenye gogo mbele ya mabanda, wakata miwa wamejilaza kwenye majani na masizi yakiwa bado mikononi. Hakuna aliyekuwa anacheza. Walikuwa wametulia kama watu wanaosomewa barua kutoka nyumbani. Onesphory alipiga polepole, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi watu wanyamaze ili waisikie, nao walinyamaza. Filipo alisimama nyuma, kofia mkononi. Alikuwa amekuja akidhani anaonea wivu spika mbili na vifundo vinane. Sasa vyote hivyo vilikuwa vinaoza Kilosa, na wivu wake ulikuwa mzima wa afya.

Onesphory alimwona, akamaliza wimbo, akaja.

"Shikamoo, kaka."

Filipo alishindwa kuitikia. Walikwenda pembeni, kwenye kivuli cha tela la miwa, na hapo akasema kile alichokibeba miaka miwili.

"Lile sanduku langu lilikuwa limeungua kabla sijalitoa."

"Najua," Onesphory alisema. "Siku tuliyolibeba nilinusa."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, kaka? Watu walikuwa wamepiga makofi. Na wewe ndiye uliyenishika vidole." Alitazama vidole vyake. "Iliniuma. Nilikuwa silali. Nilikuombea mabaya, sikufichi. Kisha kazi ya miwa ikanichosha, nikaacha."

Filipo akamwambia kuhusu paa, na ngozi iliyobanduka. Hilo Onesphory hakulijua. Aligeuka akatazama upande wa mto Ruaha kwa muda, na macho yake yalikuwa na maji, na Filipo akaona kwamba hapo ndipo kosa lake lilipofikia mfupa.

Aliporudi Kilosa alikwenda moja kwa moja kwa Thadeo, akamweleza yote, la transfoma na la paa, akaomba kikundi kimrudishie Onesphory chombo chake. Thadeo alikasirika, kisha akachoka kukasirika. Bendi yenyewe ilikuwa imebaki watu wanne, na chombo kilikuwa hakitoi sauti. Wakakubali. Filipo akakibeba hadi karakana. Alitoa mbao zote zilizovimba, akaunda sanduku jipya la mninga, viungo vya mkia wa njiwa kila pembe, mbao zikishikana kwa meno yake zenyewe, bila msumari hata mmoja. Herufi za fedha alizisugua kwa majivu akazirudisha mahali pake. Matumbo aliyapeleka Morogoro kwa yule fundi redio wa zamani, na safari hii hakubahatisha waya wowote. Kazi ilimchukua karibu mwaka. Siku iliyowaka, hakuchomeka gitaa lake. Aligusa tu ncha ya waya wa kuchomekea gitaa kwa kidole, akasikia kwamba ni yenyewe, akazima.

Aliipeleka Kidodi mwenyewe. Onesphory aliizunguka mara mbili, akapitisha vidole kwenye viungo, akasema asante, na hawakusema zaidi. Hawakupiga tena pamoja. Mwaka uliofuata Filipo na Lea, kama wengi, walihamia kijiji kipya, na huko alipewa kazi ya kutengeneza milango na madawati ya shule. Gitaa alilipiga kanisani na kwenye arusi. Onesphory aliajiriwa na bendi ya klabu ya kiwanda cha sukari, penye umeme wa uhakika, na wasafiri waliopita Mikumi walisema sauti ya amplifaya yake ilivuka mto.

Mmoja wa wasafiri hao alilala kwa Filipo na Lea, akasimulia hayo mezani kwa kirefu, jinsi watu walivyojaa na jinsi lile sanduku la mninga lilivyo zuri. Mgeni alipokwenda kulala, Lea alikusanya vyombo, akamtazama mumewe.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Nimefurahi," Filipo alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, aliongeza: "Na linaniuma, mama. Mpaka sasa linaniuma."

Lea hakushangaa. Alimsogezea bakuli la ugali uliokuwa umebaki, akamwambia ale, maana kesho kuna madawati ishirini yanamngoja. Akala.